Kitabu kimoja nyumbani: kusoma juu ya imani, upendo na msamaha katika jamaa zetu za Butembo na Beni



Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, akijua kwamba mwisho wake umekaribia, alimwomba Timoteo amletee vitu vichache tu: vazi alilokuwa ameliacha Troa, na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi (2 Timoteo 4:13). Alitaka kitu cha kumkinga baridi na kitu cha kusoma. Tunalikumbuka ombi hilo kila tunapoona jamaa inaingia Butembo au Oicha ikikimbia vita, na ndani ya kikwembe, kati ya sufuria na nguo za mtoto, mna Biblia.

Wakristo wengi wanatuuliza: zaidi ya Biblia, tusome nini nyumbani? Wengine wanauliza swali zito zaidi: kitabu juu ya msamaha kinaweza kumwambia nini mtu ambaye ndugu zake waliuawa shambani? Maswali haya mawili yanakwenda pamoja, kwa maana kitabu kibaya kinaweza kumwumiza mtu aliyekwisha kuumizwa. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna ya kuchagua kitabu cha Kikristo na namna ya kukisoma pamoja nyumbani.

Kitabu kizuri kinafanya kazi ya Filipo

Katika Matendo ya Mitume 8:26-40, mtu mkubwa wa Etiopia alikuwa garini akisoma nabii Isaya bila kuelewa. Filipo akapanda, akaketi naye, akamweleza habari za Yesu kuanzia Andiko lile lile. Baada ya ubatizo Filipo akaondolewa, naye Mwetiopia akaendelea na njia yake kwa furaha. Andiko lilibaki mikononi mwake.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Kitabu kizuri kinatembea nawe kwa muda, halafu kinakuacha na Neno la Mungu na furaha. Kama baada ya kusoma unamwona mwandishi kuwa mkubwa kuliko Kristo, au unaona huwezi kuomba bila maneno yake, kitabu hicho kimekupotezea njia.

Tunaongeza vipimo vitatu. Je, kinaahidi mali na afya kwa kila mwenye imani, kana kwamba maskini na wagonjwa hawakuamini? Je, kinafundisha kutafuta mchawi ndani ya nyumba, hata bibi mzee au mtoto yatima ageuke kuwa adui? Je, kinamkataza mtu kulia, ingawa Yesu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro? Jibu likiwa ndiyo, kirudishe kwa aliyekupa, hata kama jalada lake linapendeza.

Imani: mzigo mgongoni

Kwa imani, tunapendekeza kitabu cha zamani cha John Bunyan, mhubiri Mwingereza aliyefungwa gerezani miaka mingi kwa sababu ya kuhubiri. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1678, na watu wa Afrika Mashariki wamekisoma kwa Kiswahili tangu karne ya 19. Ni habari ya mtu anayekimbia mji utakaoangamizwa, na mzigo mzito mgongoni. Anazama katika matope, anapoteza njia, anaumizwa, na mzigo unaanguka mbele ya msalaba.

Watoto wetu hawahitaji mtu wa kuwaeleza maana ya kukimbia na mzigo. Wengi wamekwisha kuuona mgongoni mwa mama zao. Ndiyo sababu kitabu hiki kinawafaa. Kinaonyesha kwamba safari haikwishi msalabani. Baada ya hapo kuna milima, kuna marafiki na kuna hofu. Mahali pamoja msafiri na rafiki yake wanafungwa katika ngome ya Jitu la Kukata Tamaa. Wanakaa humo siku kadhaa kabla ya kukumbuka kwamba tangu mwanzo walikuwa na ufunguo, nao ni ahadi ya Mungu. Mzazi akifika hapo afunge kitabu, aulize: sisi tuna ahadi gani ambayo tumeisahau?

Upendo: nyumbani na kwa jirani

Juu ya upendo wa kijana na msichana, kuna kitabu kidogo cha Kifaransa ambacho kimesomwa sana Afrika: J'ai aimé une fille, cha Walter Trobisch, mmisionari Mjerumani aliyefundisha Kameruni. Kilitoka miaka ya 1960. Ni barua kati ya mchungaji na kijana François, baadaye na msichana Cécile, na kati yao kunasimama mahari ambayo kijana hana uwezo wa kuyatoa.

Kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na shida ni ile ile. Vijana wanashindwa, wanaanza kuishi pamoja kwa siri, kisha wanaona haya kuingia kanisani. Faida ya kitabu hiki ni kwamba mchungaji anamsikiliza kijana kabla ya kumhukumu, naye hafichi ukweli wa dhambi. Tungependa wazazi wakisome pamoja na vijana wao, wakubali kuulizwa: tunatafuta ndoa njema kwa mtoto wetu, au tunatafuta mbuzi?

Lakini upendo hauishii ndani ya ukoo. Sisi tuliopitia Ebola tunajua. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukiwa umeanzia upande wa Mangina, na ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri ulichukua watu zaidi ya 2,200. Tuliacha kupeana mikono hata kanisani. Uvumi ulikuwa mwingi, na mwezi wa Februari 2019 vituo vya kutunza wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Wakati ule tulijifunza kwamba kumpenda jirani kunaweza kuwa kunawa mikono, kukubali chanjo, na kutopitisha neno ambalo hukulihakikisha. Kitabu cha upendo kisichomfikia jirani kimesema nusu tu.

Msamaha: hapa tusome polepole

Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wanazika waliouawa. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka Kasindi ndani ya kanisa la Kipentekoste, watu wakiwa katika ibada ya ubatizo. Anayefundisha msamaha huku kwetu anazungumza na watu wanaojua kaburi liko wapi, na wengine ambao hata kaburi hawana.

Kitabu kimoja kinaweza kutusaidia, kwa sababu mwandishi wake alikuwa jirani yetu, na damu ilikuwa bado mbichi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache kabla, maaskofu walikuwa wamemwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikuwa mmoja wao. Naye alikuwa akitafutwa. Usiku, yeye na mke wake Mera walivuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu kidogo cha Kiingereza kiitwacho I Love Idi Amin, maana yake Nampenda Idi Amin. Jina hilo liliwashtua wengi. Ndugu wanaosoma Kiingereza wanaweza kuwasimulia wengine yaliyomo.

Tunajifunza mambo matatu kwake.

La kwanza, alikiri chuki yake. Alieleza kwamba moyo wake ulijaa uchungu juu ya Amin, hata siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, alipomsikia tena Yesu akiwaombea waliomsulubisha (Luka 23:34). Ndipo alipoona kwamba hawezi kumwomba Mungu rehema na huku amemfungia Amin mlango. Askofu mzima alihitaji kufikishwa hapo na Mungu. Basi tusishangae mjane akituambia kwamba leo hawezi.

La pili, hakuita ubaya jina lingine. Aliyesamehe ndiye aliyekuwa ameshiriki kuandika barua ya kulalamika. Msamaha haukufuta barua ile. Waroma 12:19 inatukataza kulipiza kisasi, lakini sababu inayotoa ni kwamba Mungu mwenyewe anahukumu. Ubaya umeandikwa mbele zake. Kusamehe ni kuondoa mkono wako katika kisasi. Si kusema kwamba hakuna kilichotokea.

La tatu, alisamehe akiwa mbali. Hakurudi kujitia mikononi mwa muuaji ili aonyeshe kwamba amesamehe. Alirudi Uganda baada ya utawala ule kuanguka mwaka 1979.

Ndugu, tunayasema haya kwa sababu tumeona neno «msamaha» likitumiwa vibaya katikati yetu. Mwanamke anapigwa, anakimbilia kwa wazee wa kanisa, wanamsomea Matayo 18 na kumrudisha usiku uleule. Msichana anabakwa, jamaa mbili zinakaa, zinapatana mbuzi, kisha anaambiwa asamehe na kunyamaza. Huo si msamaha wa Kristo. Ubakaji ni kosa la jinai, na sheria ya Congo ya mwaka 2006 imeutia nguvu ukali wa adhabu yake. Kanisa lina wajibu wa kumpeleka msichana hospitali mapema, kumsindikiza mbele ya sheria, na kulia pamoja naye. Habari ya msamaha wake itazungumzwa kati yake na Mungu, kwa wakati wake.

Lakini hatuwezi kuliondoa neno hili katika Injili. Mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa akamkaba mwenzake kwa deni dogo (Matayo 18:23-35) unatuhusu sisi sote. Kijana aliyemzika baba yake mwezi huu anaweza kuitwa mwezi ujao kushika silaha, na atakayemwita atatumia uchungu wake. Kijana huyo anahitaji kusikia nyumbani, kabla hajaitwa, kwamba kuna njia nyingine ya kumheshimu baba yake. Tukinyamaza sisi, atafundishwa na wengine.

Ibada ya nyumbani: dakika kumi na tano

Kumbukumbu la Torati 6:4-9 inaamuru wazazi wawazungumzie watoto maneno ya Mungu wakikaa nyumbani na wakitembea njiani. Timoteo alipata imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timoteo 1:5). Basi mjane asiseme kwamba hana wa kuongoza ibada. Bibi anaweza, hata mtoto mkubwa anaweza.

Tunashauri hivi. Chagueni saa ambayo wote wako nyumbani, kwa wengi ni baada ya chakula cha jioni, kabla taa haijaisha nguvu. Imbeni wimbo mmoja. Mtoto asome mistari michache ya Biblia. Kisha mtu asome ukurasa mmoja tu wa kitabu, kwa sauti. Vitabu vingi vya Kiswahili tunavyopata vimechapwa Kenya au Tanzania, na maneno mengine si ya kwetu. Msomaji asimame, aseme jambo lile lile kwa Kiswahili chetu au kwa Kinande. Asiyejua kusoma naye amepata sehemu yake.

Halafu ulizeni swali moja: neno gani limekugusa? Msimlazimishe mtu kujibu. Kama nyumbani kuna mtu aliyepoteza wake, msianze na kitabu cha msamaha. Anzeni na Zaburi ya 13, ambapo mtu wa Mungu anamwuliza Bwana atamsahau hata lini. Malizeni kwa sala fupi, mkitaja majina: ya wagonjwa, ya walio njiani kuelekea mashambani, na siku moja, mtakapoweza, ya waliowakosea.

Kama kitabu ni kimoja na nyumba ni tano, kizungukeni. Parokia inaweza kuweka sanduku la vitabu mikononi mwa mama mmoja mwaminifu, na daftari la kuandika nani amechukua nini. Kitabu kilichochakaa kwa kupita mikononi mwa watu kimefanya kazi yake.

Kitabu kilichoungua

Jamaa nyingi zimetuambia kwamba nyumba iliungua, na Biblia ndani yake. Katika Yeremia 36, mfalme Yoyakimu alilikata gombo la nabii kwa kisu na kulitupa motoni kipande kwa kipande. Mungu hakunyamaza. Alimwambia Yeremia achukue gombo lingine. Baruku akaandika tena maneno yote, na mengine yakaongezwa.

Yaliyosomwa kwa sauti nyumbani hayaungui pamoja na nyumba. Mtoto anakimbia nayo. Basi leo jioni, hata kama mna ukurasa mmoja tu, usomeni pamoja.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe pamoja na nyumba zenu zote. Amina.