Bunduki ya Marehemu Hairithiwi: Sheria ya Silaha kwa Mkazi wa Laikipia

Mzee akifariki, jamaa hugawana ng'ombe, shamba na vyombo vya nyumba. Bunduki iliyofungiwa kabatini haimo katika mgao huo. Cheti cha kumiliki silaha hutolewa kwa mtu mmoja, kwa jina lake, na kwa silaha iliyotajwa ndani ya cheti chenyewe. Mjane au mtoto anayeendelea kuihifadhi "mpaka matanga yaishe" anajiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa kumiliki silaha bila cheti, hata kama hajawahi kuigusa.

Jambo hili lina uzito Laikipia, kaunti ambayo bunduki zimo katika mikono ya watu wa kila aina. Wapo wenye ranchi na mashamba walio na leseni, wapo polisi wa akiba, na wapo wasio na ruhusa yoyote, kama wakazi wa Ol Moran walivyoshuhudia kwa uchungu mwaka 2021.

Sheria inayotawala ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kifungu cha 4 kinasema hakuna anayeruhusiwa kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Neno "risasi" lisipitwe haraka. Risasi chache zilizosahaulika kwenye droo ya marehemu zinatosha kumfikisha mtu mahakamani, bunduki iwepo au isiwepo. Bunduki za kutengenezwa kienyeji nazo ni silaha kama nyingine mbele ya sheria hii.

Linalowachanganya wengi ni bunduki za nusu otomatiki. Katika bunduki ya kawaida, mpigaji hulivuta komeo nyuma na kulirudisha mbele kwa mkono kila baada ya risasi. Nusu otomatiki hujifanyia kazi hiyo. Nguvu ya risasi iliyotoka hutupa ganda nje na kupandisha risasi inayofuata, kwa hivyo kila kifyatulio kinapovutwa hutoka risasi moja bila kuchelewa. Otomatiki kamili huendelea kumimina risasi maadamu kidole kingali kwenye kifyatulio. AK-47 na G3 zina swichi ya kuchagua kati ya njia hizo mbili, na hapo ndipo penye dhana potofu kwamba bunduki ya kivita ikiwekwa kwenye risasi moja moja basi inakuwa ya raia. Haiwi. Sheria inataja bunduki ya kivita inayojipakia, iwe otomatiki au nusu otomatiki, ya milimita 7.62, ya 5.56 au ya kipimo kingine chochote. Mtu anayepatikana na AK-47 au G3 bila idhini anaweza kufungwa maisha chini ya kifungu cha 4A.

Hii haimaanishi kwamba kila silaha ya nusu otomatiki ni haramu. Bastola nyingi zinazomilikiwa kihalali nchini hufanya kazi kwa mtindo huo huo. Tofauti ni aina ya silaha na idhini aliyonayo mwenyewe. Mwombaji huchunguzwa na Bodi ya Leseni za Silaha, naye hutakiwa kuonyesha sababu ya kutosha ya kuhitaji silaha na kwamba akiwa nayo hatahatarisha usalama wa umma. Mlevi wa kupindukia na asiye na akili timamu hawapewi. Sababu ya uwindaji nayo haina nguvu tena, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977.

Mwenye cheti naye asibweteke. Mnamo Desemba 2018 serikali iliagiza raia wote wenye bunduki wahakikiwe upya ndani ya siku 90. Anayeshikilia cheti cha zamani ambacho hakikupitia uhakiki huo asikitegemee kama kinga. Bunduki pia haiazimwi, si kwa ndugu, si kwa mchungaji anayelala bomani na mifugo. Ikipotea au kuibwa, polisi waarifiwe mara moja.

Polisi wa akiba wako katika hali tofauti. Bunduki wanayopewa ni mali ya serikali na hurudishwa kituoni utumishi unapokoma, iwe kwa kustaafu, kuondolewa au kifo. Familia haina dai lolote juu yake, hata kama mwenzao aliibeba kwa miaka mingi akilinda kijiji bila mshahara wa maana.

Wakazi wengine hupeleka maswali haya kwa wasimamizi wa wadi au wawakilishi wa bunge la kaunti. Huko watapata pole na maelekezo tu. Polisi ni jukumu la serikali ya kitaifa chini ya Jedwali la Nne la Katiba; kaunti haitoi leseni za silaha wala haipokei bunduki, na askari wa kaunti hana mamlaka ya kuichukua.

Je, aliye na silaha isiyo halali afanye nini? Februari 2023, serikali ilipotangaza maeneo ya Laikipia, Baringo, Samburu, Turkana, West Pokot na Elgeyo Marakwet kuwa yenye misukosuko na hatari, wenye silaha haramu walipewa siku 3 kuzisalimisha. Muda huo uliisha zamani. Nje ya kipindi cha msamaha, kusalimisha hakufuti kosa kwenyewe, ingawa anayekuja kwa hiari hawezi kulinganishwa na aliyekamatwa nayo barabarani. Ni busara kuzungumza kwanza na wakili, au kumtumia chifu kama kiungo na mkuu wa kituo. Katiba inampa yeyote anayekamatwa haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili.

Kwa familia iliyofiwa, njia ni fupi. Bunduki ibaki pale ilipo, isifunguliwe wala kusafishwa, na watoto wawekwe mbali. Chifu au kituo cha polisi kilicho karibu kiarifiwe ili maafisa waje kuichukua; haifai kuifunga kwa gunia na kuipakia kwenye bodaboda kwenda Rumuruti au Nanyuki, maana kizuizi cha barabarani hakitajua nia ya aliyeibeba. Wanaokuja kuichukua wapewe pia cheti cha marehemu na risasi zote. Kabla hawajaondoka, familia iombe nambari ya OB pamoja na stakabadhi yenye nambari ya bunduki na idadi ya risasi zilizopokelewa, na karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na cheti cha kifo.