Rangi inayoonyesha umeme wa kijidudu

Wengi wetu tunapita Kisanga, karibu na Lubumbashi, pasipo kujua kwamba mu mwaka 1948 Vincke na Lips walivumbua kule Plasmodium berghei, kijidudu cha malaria ya panya wa pori. Mu 1997 Srivastava, Rottenberg na Vaidya walichukua kijidudu ndugu yake, Plasmodium yoelii, wakakitia rangi yenye umeme pozitifu. Mitokondria ya kijidudu ina ngozi nyembamba, na ndani yake umeme ni negatifu: basi inavuta rangi, nayo inangaa. Kiisha walitia dawa atovakwoni. Mwangaza ukafifia, maana umeme umezimika. Mitokondria za mnyama hazikuguswa na kipimo kile. Lakini wapimaji waangalie: rangi ikizidi, yenyewe ni sumu, tena inadanganya.