Kadi ya chakula mkononi, salio kwenye simu

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani zilifika kama wakimbizi, wengi wao wakiwa Wakongomani waliokaa miaka mingi katika kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale. Baada ya funguo za nyumba, kitu cha pili walichokabidhiwa wengi wao kilikuwa kadi ya plastiki iitwayo EBT, ambayo serikali huingizia fedha za chakula kila mwezi. Watu bado wanaziita "stempu za chakula", ingawa stempu zenyewe zilikwisha zamani.

Mpango huo ulijaribiwa kwanza mwaka 1939 katika mji wa Rochester, jimbo la New York, ukapata sheria yake ya kudumu mwaka 1964. Kwa miaka mingi mtu alikwenda dukani na kitabu cha kuponi. Mwaka 1984 kadi ilijaribiwa Reading, Pennsylvania, na kufikia 2004 majimbo yote yalikuwa yameacha karatasi. Jina la sasa, SNAP, lilianza kutumika mwaka 2008. Mwaka 2024 waliohudumiwa walikuwa wastani wa watu milioni 42 kwa mwezi, yaani mtu mmoja kati ya wanane. Kila mmoja alipata kama dola 6 kwa siku.

Kadi iliondoa aibu. Aliyesimama nyuma yako kwenye foleni hajui tena unalipa kwa fedha gani. Lakini iliondoa na jambo jingine ambalo wachache walilifikiria. Kuponi unazihesabu kwa mkono wako mwenyewe, kadi haisemi kitu. Kujua salio ilibidi upige simu nambari iliyo nyuma ya kadi, usikilize mashine ikizungumza Kiingereza au Kihispania, ubonyeze tarakimu 16, au uhifadhi risiti ya mwisho.

Nami nilipokuja uhamishoni nilitembea na risiti hiyo kwenye pochi kama hati ya kusafiria. Ikipotea, unafika kwa keshia bila kujua, kadi inakataa, na unaanza kuchagua mbele ya watu kirudi nini: maziwa au mafuta ya kupikia.

Msomaji aliyetoka Kenya au Tanzania atashangaa. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mama muuza mboga mwenye simu ya kawaida alipata ujumbe wenye salio lake kila alipotuma au kupokea fedha. Maskini wa Marekani aliendelea kubahatisha.

Mwaka 2014 kijana Jimmy Chen, aliyewahi kufanya kazi Facebook, alianzisha kampuni ya Propel huko Brooklyn, New York. Programu yake ya simu, iliyojulikana kwanza kwa jina la Fresh EBT, ilifanya jambo moja dogo: unaingiza nambari ya kadi, unaona salio na matumizi yako. Leo inatumiwa na mamilioni ya familia. Kampuni hujipatia fedha kwa matangazo, na mtumiaji halipi kitu.

Upande wa maombi, shirika la Code for America lilikuta California kwamba kujaza fomu ya msaada wa chakula kwenye intaneti kulichukua kama dakika 45, ukurasa baada ya ukurasa. Tovuti yao ya GetCalFresh ilipunguza muda huo hadi kama dakika 10, tena kwa simu ya mkononi. Lakini walijifunza kwamba fomu ni mwanzo tu. Watu walikuwa wakipoteza msaada wanaostahili kwa sababu barua ilifika na hawakuielewa, mahojiano ya simu yaliwapita wakiwa kazini, au tarehe ya kuhuisha faili ilipita. Ujumbe mfupi wa kukumbusha ulisaidia kuliko tovuti nzuri.

Hilo tunalijua sisi. Katika nyumba zetu bahasha ya serikali hufunguliwa na mtoto wa darasa la sita, ndiye mkalimani wa familia. Akisema "sio muhimu, mama", mwezi unaofuata kadi ni tupu.

Siku hizi kuna hatari nyingine. Kadi nyingi za EBT bado hutumia utepe mweusi wa sumaku bila chipu ya usalama iliyo kwenye kadi za benki. Wezi hubandika kifaa juu ya mashine ya dukani, hunakili kadi na namba ya siri, kisha husubiri usiku ambao fedha zinaingia. Asubuhi hakuna kitu. Bunge la Marekani liliruhusu walioibiwa kurudishiwa fedha zao za SNAP, lakini ruhusa hiyo ya fedha za serikali kuu iliisha tarehe 20 Desemba 2024. Wizi uliotokea baada ya hapo haulipwi na mfuko huo. California ilianza kutoa kadi zenye chipu mwaka 2025, majimbo mengi bado.

Hapa ndipo simu inapokuwa kufuli. Katika majimbo mengi, programu rasmi kama ebtEDGE au ConnectEBT hukuwezesha kuifunga kadi usipoitumia na kuifungua ukiwa kwenye foleni. Unaweza pia kuzuia manunuzi ya nje ya jimbo lako. Badilisha namba ya siri siku chache kabla ya fedha kuingia. Usiitaje kwa anayepiga simu akidai ni wa ofisini, kwani ofisi haikuombi namba hiyo. Wala usimwachie kijana anayekuwekea programu kwa ada ndogo. Akufundishe, lakini namba uiandike mwenyewe.

Hata hivyo, simu ina mipaka yake. Sheria iliyotiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi katika orodha ya wanaostahili SNAP, mpaka wapate kadi ya kijani. Hakuna programu inayoweza kurekebisha hilo. Mkimbizi huruhusiwa kuomba kadi ya kijani baada ya kukaa mwaka mmoja, na asicheleweshe. Watoto waliozaliwa hapa ni raia, na haki yao haifutwi na hati ya mzazi. Wazazi wanaoacha kuwaombea watoto kwa hofu wanawanyima chakula chao.

Novemba 2025, serikali kuu ilipofungwa kwa mgogoro wa bajeti, fedha za SNAP zilichelewa kwa mamilioni ya watu. Propel ilishirikiana na GiveDirectly kuwatumia baadhi ya watumiaji wake dola 50 kila mmoja. GiveDirectly ni shirika lililojijengea jina kwa kuwatumia wanavijiji wa magharibi mwa Kenya fedha kwa M-Pesa. Njia iliyojaribiwa Siaya ikawafuata wenye njaa Marekani.

Mambo mawili zaidi ya kukumbuka. Fedha zisizoguswa kwa miezi tisa huondolewa kwenye kadi, kwa hiyo usizilimbikize ukidhani ni akiba. Na ukikatiwa msaada, una siku 90 za kudai kusikilizwa, na ofisi inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Sema "Swahili" mara tu simu inapopokelewa, hata kama hujui neno jingine.

Jumuiya zetu hukutana kwa harusi na misiba. Katibu anaweza kutenga nusu saa baada ya kikao, vijana wakakaa na wazee, kila mzee akatoka akijua kuangalia salio na kuifunga kadi yake. Dola 6 kwa siku si fedha nyingi, ndiyo maana hakuna hata moja ya kumwachia mwizi.