Visiki Hai vya Shinyanga

Ndorobo jike hatagi mayai kama nzi wengine. Hubeba mtoto mmoja tu tumboni, humlisha kwa maziwa yatokayo mwilini mwake kwa muda wa siku tisa au kumi hivi, kisha humzaa buu aliyekwisha kukomaa, ambaye mara hujichimbia udongoni penye kivuli, akajifunga ganda lake, na humo akakaa hata atoke nzi kamili. Kwa hiyo mdudu huyu, ambaye kuumwa kwake huleta malale kwa wanadamu na nagana kwa ng'ombe, maisha yake yote yamefungamana na kichaka: kivuli kikiondolewa, udongo ukapigwa na jua kali, uzazi wake, ambao tangu hapo ni haba, hukatika. Juu ya elimu hii, ambayo ni sahihi, ilijengwa kazi kubwa iliyoibadili sura ya Usukuma katika karne iliyopita, na athari zake zaonekana hata leo kwa kila asafiriye kutoka Shinyanga kwenda Geita.

Katika miaka ya 1920 na 1930 utafiti wa ndorobo wa Tanganyika uliongozwa na Charles Swynnerton, na Shinyanga ya Kale ikawa mahali ambapo wataalamu walikusanya habari za kila mti na kila nzi wa nchi ile. Pamoja naye alikuwako Bernard Burtt, mwanamimea hodari aliyeandika maelezo ya jamii za mimea ya Afrika Mashariki ambayo wasomi wangali wakiyarejea. Wote wawili walifariki katika ajali moja ya ndege mwaka 1938, na jina la Swynnerton limebaki kwa spishi ya ndorobo iitwayo Glossina swynnertoni, ikaayo katika vichaka vya migunga vya kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya. Maelfu ya Wasukuma walitoka na mashoka kufyeka pori. Na baada ya Vita Kuu ya Pili, Mpango wa Maendeleo ya Usukuma uliipeleka kazi hiyo mpaka Geita, ambako pori lililojaa ndorobo lilifunguliwa ili watu na mifugo waliosongamana upande wa mashariki wapate pa kuhamia.

Haikuwa kazi ya ujinga, wala sioni insafu kuwashutumu waliokuwa wakizika ng'ombe wao. Walakini mtu mmoja aliyekuwa mtumishi wa idara ya ndorobo, John Ford, baada ya kuitafakari kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1971 kitabu kikubwa juu ya malale na nagana, akadai kwamba wenyeji wa Afrika, kabla ya kuja kwa wakoloni, walikuwa wamekwisha kupata namna ya kukaa na ndorobo: vijiji, mashamba na malisho vilishikana, vikawacha pori na wanyama wake upande mwingine, na mpaka baina ya pande hizi mbili ulilindwa na kazi ya kila siku ya watu na ng'ombe. Sotoka ya miaka ya 1890 ndiyo iliyouvunja mpaka ule. Ng'ombe walikufa kwa wingi usiosemeka, njaa na ndui vikafuata, watu wakapungua, mashamba yakarudi kuwa vichaka, na wanyama wa mwitu walipoongezeka tena ndorobo akawafuata mpaka penye magofu ya vijiji. Basi pori lililofyekwa katika karne ya ishirini, kwa kadiri kubwa, lilikuwa jipya, na lilizaliwa na msiba wa watu.

Kufyeka kulipata kilichotakiwa: ndorobo alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaenea. Lakini mti uliokatwa kwa ajili ya nzi ulikuwa na mapatano na viumbe wengine wengi ambao hawakuulizwa. Mgunga hulisha bakteria waishio katika vifundo vya mizizi yake, nao huulipa kwa naitrojeni waliyoitwaa hewani. Majani yake yakianguka udongo hupata rutuba, na chini ya kivuli chake nyasi hukaa mbichi majuma kadhaa baada ya zile za uwanda wazi kukauka. Katika nchi ipatayo milimita 600 hadi 800 za mvua kwa mwaka, tena mvua isiyo na ahadi, majuma hayo ndiyo tafauti baina ya ng'ombe kufika Novemba na kutofika. Kuni zikaendelea kukatwa, mashamba yakaendelea kupanuka. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wakayaacha makaazi yao ya asili na malisho waliyokuwa wameyahifadhi. Hata ikafika miaka ya 1980 Shinyanga ikawa inaitwa Jangwa la Tanzania.

Serikali ilianzisha mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana zaidi kwa jina la HASHI, na mwanzoni ulishika njia ambayo miradi mingi huishika: vitalu vya miche, miti mingi ya kigeni, na kuwahimiza watu wapande. Faida yake haikuwa kubwa. Kilichoigeuza kazi ile ni wataalamu kukubali kuwauliza wazee, na wazee kuwaeleza habari za ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha ardhi mara mvua zinapoanza, kisiingiwe na mifugo, nyasi zikakua na kukomaa, kikafunguliwa katikati ya kiangazi kwa ndama, kwa ng'ombe wa maziwa na kwa wale wa kulimia ambao hawawezi kupelekwa mbali. Sheria zake zilitoka katika dagashida, baraza la jamii. Na aliyezivunja alikutana na sungusungu, walinzi wa kijiji, akatozwa faini. Hakuna mche uliotakiwa. Ardhi ilitakiwa kuachwa tu.

Nami naona ni wajibu tukae hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo ilipo siri ya jambo lote. Ardhi iliyoachwa huotaje msitu, ikiwa msitu ulikwisha kukatwa? Jibu ni kwamba shoka hukata kilicho juu. Migunga na miti mingi ya nyika, ambayo tangu azali imeishi pamoja na moto, ukame na meno ya wanyama, huweka akiba yake chini: mzizi mkuu huteremka mbali kutafuta maji, na shina likiondolewa, macho yaliyolala katika shingo ya mzizi huamka na kutoa vichipukizi. Katika viwanja vilivyoonekana vitupu kabisa vilikuwamo visiki hai kwa maelfu, kila mwaka vikichipua, kila mwaka vikiliwa na mbuzi au kupitiwa na jembe, miaka kumi, miaka ishirini, vikisubiri. Ngitili ilivipa fursa hiyo tu ya kutoliwa, na katika misimu michache kichipukizi kilichokuwa urefu wa goti kikawa mti, kwa sababu kilikuwa kichanga kwa juu ilhali mizizi yake ilikuwa ya mtu mzima.

Mifugo iliyolaumiwa kwa jangwa, nayo, ilikuwa na sehemu yake katika marejeo. Mbegu za mgunga hushambuliwa na vibawakawa wadogo ambao mabuu yao huila mbegu ndani ya ganda. Lakini ganda likiliwa mapema na mbuzi, ng'ombe au swala, mbegu nyingi hupita salama tumboni, mabuu hufa, na mbegu hutoka ikiwa imelainika ngozi na kutiwa samadi. Jambo hili lilichunguzwa Serengeti na Hugh Lamprey na wenzake, waliolichapisha mwaka 1974. Baada ya miti kusimama wakaja ndege, na ndege waliokula matunda penginepo wakaangusha mbegu zake chini ya matawi waliyotulia, zikaota miti ambayo haikuwa na kisiki mahali pale. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986, hekta 600 hivi, zilikuwa, kwa makadirio, zaidi ya laki tatu mwanzoni mwa karne hii. Na tathmini iliyotolewa mwaka 2005 iliorodhesha ndani yake aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege.

Mwenye kudhani kwamba mti huweza kuhifadhiwa peke yake, mbali na wanaoula, na atazame ule mgunga mfupi wa mbuga za udongo mweusi, wenye miiba iliyovimba chini na kutoboka matundu, upepo ukipita ukasikika kama mluzi. Ndani ya uvimbe hukaa sungusungu wadogo wakali. Mti huwapa nyumba na utomvu mtamu, nao huwashambulia twiga na tembo wanaokuja kula. Huko Laikipia, Kenya, palizungushwa ua wa umeme mwaka 1995 kuwazuia wanyama wakubwa, na kwa hesabu ya haraka miti iliyo ndani ya ua ingestawi zaidi. Todd Palmer na wenzake walitangaza mwaka 2008 kwamba ilikuwa kinyume: mti usioliwa ulipunguza uvimbe na utomvu, walinzi wakadhoofika, nafasi yao ikashikwa na sungusungu wa aina nyingine wasiolinda bali waishio katika mashimo ya mbawakawa watoboao shina, na miti ikakua polepole na kufa zaidi kuliko iliyokuwa nje ikitafunwa. Adui naye alikuwa mmojawapo wa nguzo za nyumba.

Sasa tugeuke magharibi, Geita. Dhahabu yake ilijulikana tangu enzi ya Wajerumani. Mgodi ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, katika ukanda wenye migodi mingine kama Bulyanhulu. Pembeni yake wako wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, wenye maduara yao, yaani mashimo yaliyotegemezwa kwa matimba, makarasha yao ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea. Matimba ni magogo, na kila duara linaloshuka hula miti ya vilima vilivyo karibu. Lakini ukataji wa matimba sio unaonitia hofu zaidi, maana mti uliokatwa Geita una kisiki kama ule wa Shinyanga. Hofu yangu ni pale ardhi yenyewe inapopinduliwa, mawe ya chini yakawa juu, na udongo wa juu ukazikwa au kwenda na maji.

Miti ya miombo ya vilima vya Geita, kama mtundu na jamaa zake, hutegemea kuvu walioivisha mizizi yake midogo kama soksi. Kuvu hao hutandaza nyuzi zao mbali kuliko mzizi uwezavyo, huuletea mti fosforasi na maji, nao hulipwa sukari iliyotengenezwa na majani. Uyoga ambao kina mama huuokota mvua zinapoanza ni matunda ya baadhi ya kuvu hao. Mbegu ya mtundu iangukayo juu ya kifusi cha mgodi huota, kwani ndani yake imo akiba ya siku za mwanzo. Kisha hukosa wa kuipokea. Makampuni makubwa hutenga udongo wa juu ili yaurudishe baadaye, na hilo ni jambo jema, ila udongo uliorundikwa kwa miaka bila mizizi hai hupoteza wakaazi wake kidogo kidogo. Kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, ambako aghalabu hapatengwi chochote, hazina hiyo hupotea siku ya kwanza.

Pana na zebaki, ambayo hukamata dhahabu na kisha huchomwa iruke hewani. Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa Japani walionyesha mwaka 2002 kwamba mvuke huo waweza kupimwa kwa likeni, ule utando wa kijivu unaoshika magome, ambao ni kuvu na mwani waishio mwili mmoja, usio na mizizi na uchukuao riziki yake hewani. Vipimo vya samaki wa Ziwa Viktoria vya miaka ya 1990 kwa jumla havikutoa viwango vya kutisha, na hiyo ni habari njema. Lakini zebaki ifikayo kwenye matope ya kinamasi yasiyo na hewa hugeuzwa na bakteria kuwa sumu ipandayo kutoka kwa kiumbe mdogo hadi kwa mkubwa, mpaka kwenye sahani.

Hata udongo mtupu, usio na sumu, hudhuru ukifika ziwani. Furu wa Ziwa Viktoria, ambao sangara aliletwa akawamaliza kwa mamia ya aina, hujuana dume na jike kwa rangi. Na Ole Seehausen na wenzake walithibitisha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka, rangi zikafifia, majike hushindwa kuchagua na aina zilizokuwa mbalimbali huchanganyika zikawa moja. Kilima kilichovuliwa miti na kuachwa wazi kwa mvua kina mchango wake katika tope hilo, hata kama kiko mwendo wa siku nyingi kutoka ufukweni.

Turudi kwa kuvu. Wasitawishaji wa misitu walipoileta misonobari Afrika Mashariki, ilidumaa na kuwa manjano katika vitalu, mpaka walipochukua udongo kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kustawi, wenye kuvu wake, wakautia katika miche. Maarifa hayo ni ya zamani na gharama yake ni koleo na gari. Laiti kila leseni ya kuchimba katika ukanda huu ingefungamanishwa na ngitili moja jirani, ilindwe kwa sheria za dagashida ya mahali pale, isikatwe matimba wala isilishwe masika, ili siku duara litakapofungwa pawe na mahali pa kuchota udongo ulio hai, mbegu za miti ya nchi ile ile, na ndege wa kuzileta nyingine. Eneo lake lichaguliwe kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, maadamu visiki vyake vingali chini.