Oili Chafu Ndiyo Shahidi wa Injini

Kwa jamaa nyingi za Jinja na Mbale, pikipiki ni shamba lisilo na msimu. Askari aliyepangiwa kituo cha mbali humwachia ndugu yake au dereva wa bodaboda, na fedha inayoletwa nyumbani kila juma ndiyo inunuayo unga na sabuni na kulipa karo ya watoto. Injini ikifa, nyumba nzima hutikisika. Kwa hiyo suala la oili, ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao, ni suala la mama mwenye nyumba pia.

Madukani chupa ni nyingi. Ipo oili ya kawaida, itokanayo na mafuta ghafi yaliyosafishwa, na ipo iandikwayo sintetiki, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Muuzaji huisifu ya bei kubwa. Dereva husema kwamba injini imelainika sauti. Fundi huchovya kidole akatazama rangi. Wote watatu huenda wakawa wakweli, lakini hakuna hata mmoja aliyepima. Rangi hasa hudanganya: oili nzuri hubeba masizi ili yasigande ndani ya injini, na kwa sababu hiyo huwa nyeusi mapema.

Njia ya kupima ipo, nayo si ngeni. Katika miaka ya 1940 mashirika ya reli nchini Marekani yalianza kuchunguza oili iliyotumika katika injini za garimoshi, ili kuyatambua maradhi kabla ya injini kuvunjika. Majeshi ya nchi hiyo yaliifuata njia hiyo kwa ajili ya ndege zao. Hekima yake ni nyepesi. Kila chuma kinaposagana na chuma, chembe ndogo mno hubaki katika oili. Katika maabara, oili hiyo huunguzwa kwa joto kali sana, na kila aina ya madini hutoa mwanga wake pekee. Mashine husoma mwanga huo na kutaja kiasi cha kila kitu, kwa hesabu ya sehemu katika milioni.

Katika pikipiki ndogo, chuma kingi huashiria kulika kwa silinda, giya au beringi. Alumini huashiria pistoni au sehemu za klachi. Silikoni mara nyingi ni vumbi la barabarani lililopenya chujio la hewa, ingawa gundi ya gasketi na dawa za oili yenyewe pia huweza kuiongeza. Kiasi chenyewe ni kidogo ajabu. Lita moja ya oili ina uzito wa gramu 870 hivi. Sehemu 100 za chuma katika milioni, basi, hazifiki hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Hakuna jicho wala kidole kinachoweza kutambua kiasi hicho.

Kipimo cha pili ni mnato, yaani wepesi au uzito wa oili inapotiririka. Oili ya 20W-50, inayotumika sana katika pikipiki kama Bajaj Boxer, ikiwa na joto la nyuzi 100 yapasa kuwa na mnato usiopungua sentistoki 16.3. Ikishuka chini ya hapo, imekwisha kuwa oili ya daraja la 40. Hapa pikipiki hutofautiana na motokaa nyingi, kwa kuwa oili ile ile moja huhudumia injini, giaboksi na klachi. Meno ya giya huzikatakata dawa za kuongeza mnato, na petroli isiyoungua nayo huweza kuingia na kuipunguza nguvu.

Wengi wanaolinganisha oili hukosea katika hesabu. Chukuliwe mfano wa oili mbili. Ya kwanza imekutwa na sehemu 60 za chuma, na ya pili sehemu 75. Mtu mwenye haraka ataisifu ya kwanza. Lakini ikiwa ya kwanza ilitembea kilomita 1,500 na ya pili kilomita 3,000, basi ya kwanza ilipoteza sehemu 40 kwa kila kilomita 1,000, na ya pili 25 tu. Pia dereva aliyeongeza oili njiani ameyazimua madini yote, na majibu yataonekana mazuri kuliko hali ilivyo.

Njia pia ni mzani. Pikipiki ya Jinja hupita sehemu zilizo tambarare kwa kiasi, kutoka Walukuba hadi Bugembe, na ikielekea Kakira hukutana na vumbi la malori ya miwa. Pikipiki ya Mbale huweza kupandishwa mlima wa Wanale ikiwa na abiria na gunia, giya ndogo, injini ikiunguruma na upepo wa kuipoza ukiwa haba. Mtu akitia oili ya bei kubwa katika ile ya Jinja na ya kawaida katika ile ya Mbale, kisha akalinganisha majibu, atakuwa amelinganisha mlima na vumbi. Oili hazikushindana.

Mashindano ya haki hufanyika katika pikipiki moja, dereva mmoja, njia ile ile na kilomita zile zile. Kila oili hupewa zamu zaidi ya moja, kwa sababu zamu ya kwanza huchanganyika na mabaki ya ile iliyotangulia. Oili mpya pia hupimwa, ili dawa zilizotiwa kiwandani zisidhaniwe kuwa uchafu. Mashine yenyewe ina mpaka wake: huona chembe ndogo mno tu. Kipande cha jino la giya kilichokatika huweza kuipita bila kuonekana. Fundi hana budi bado kutazama chujio na masalio ya chini.

Je, oili ya sintetiki ina faida? Aghalabu hustahimili joto kali vizuri zaidi na haipungui upesi kwa mvuke, mambo yanayofaa injini ipandayo Wanale. Uwezo wake wa kutiririka katika baridi kali, unaosifiwa sana Ulaya, hauna kazi kubwa Jinja. Tena neno lenyewe si kipimo. Mwaka 1999, katika shauri la Mobil dhidi ya Castrol nchini Marekani, chombo cha kusimamia matangazo ya biashara kilikubali kwamba hata oili iliyotokana na mafuta ghafi, ikisafishwa kwa kiwango cha juu sana, iweze kuitwa sintetiki. Alama ya kutazamwa kwanza ni JASO MA au MA2, iliyowekwa na Wajapani kwa pikipiki ambazo klachi yake huogelea katika oili. Oili ya motokaa iliyotiwa dawa za kupunguza msuguano huweza kuifanya klachi iteleze.

Si kila jamaa itakayopeleka oili maabara, na kwa pikipiki moja gharama huenda isilipe. Wenye pikipiki kadhaa wanaweza kuchangia. Oili ichotwe injini ikiwa na moto, katikati ya mtiririko, ndani ya chupa safi na kavu, na iandikwe jina la oili, kilomita zake na kiasi kilichoongezwa. Lakini daftari la nyumbani halina gharama. Kila kubadilisha oili kuandikwe tarehe, kilomita na siku ya kusafisha chujio la hewa. Vumbi likiingia, hakuna chupa ya bei yoyote itakayoiokoa silinda. Mwenye kubadilisha oili ya kawaida yenye alama sahihi kwa wakati uliowekwa na kiwanda humshinda mwenye kununua ya thamani akaisahau.

Oili chafu yenyewe isihifadhiwe katika kidumu cha mafuta ya kupikia, wala isimwagwe mferejini. Mifereji ya Jinja huelekea ziwani na mto Nile, na ya Mbale huelekea Nabuyonga na Namatala, ambako watu hulima mpunga. Ikusanywe katika chombo chenye alama, mbali na watoto, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa kuigusa mara kwa mara hudhuru ngozi na huweza kuleta saratani.

Mwenye pikipiki aliye kituo cha mbali hawezi kuisikia injini yake. Daftari likitunzwa, hata hivyo, yeye, mkewe na dereva watakuwa na jambo moja la kusomea, na ugomvi juu ya nani aliyeiua injini hautapata nafasi nyumbani.