Mtoto Aliye Chini ya Ngazi

Ikiwa unaishi orofa ya nne katika mojawapo ya majumba ya Umoja au Pipeline, jijini Nairobi, hili umeliona mara nyingi. Mama anapanda ngazi na mboga mkononi. Mtoto wa mwaka mmoja unusu kabaki chini. Anainua mguu, ngazi inamshinda. Anainua tena, inamshinda vile vile. Hatimaye mama anashuka na kumbeba.

Msichana mmoja Mfaransa, Thérèse Martin, ambaye Wakatoliki humwita Teresia wa Mtoto Yesu, alitumia mfano huo huo kueleza imani yake. Aliingia utawani mjini Lisieux mwaka wa 1888, akiwa na miaka 15 tu. Huko alijilinganisha na watakatifu wakubwa na kujiona mdogo mno kuweza kupanda ngazi yao. Basi akawaza: matajiri wa siku hizi wanaweka lifti nyumbani mwao, mbona nami nisitafute yangu? Lifti hiyo, alisema, ni mikono ya Yesu.

Kuna watakaodhani huu ni uvivu uliovikwa kanzu ya dini. La hasha! Mtoto wa Teresia haketi kitako akilia. Huendelea kuinua mguu, ingawa ajua hatafika kwa nguvu zake.

Na kuinua mguu kwenyewe kulikuwa kwa mambo madogo madogo. Utawani mlikuwa na mtawa mzee, kilema, asiyeridhika na lolote. Ukimtembeza haraka, anateta. Ukienda polepole, anateta pia. Teresia ndiye aliyejitolea kumshika mkono kila jioni kutoka kanisani hadi mezani. Alipogundua kwamba bibi huyo hupata taabu kukata mkate, akawa anamkatia bila kuombwa, kisha anamwachia tabasamu. (Wenye wakwe wagumu nyumbani wataelewa uzito wa tabasamu hilo.)

Tusidhani pia kwamba alimwamini Mungu kama mtoto kwa kuwa hakuwa ameonja machungu. Mamake alifariki mwaka wa 1877, Teresia akiwa na miaka minne. Babake, aliyempenda kupita kiasi, alipatwa na maradhi ya akili, akalazwa hospitalini mjini Caen mwaka wa 1889 kwa zaidi ya miaka mitatu. Aliporudi, miguu haikumbeba tena. Mzee huyo alifariki mwaka wa 1894, na ni baada ya kifo hicho ambapo bintiye alianza kuzungumzia mikono inayombeba mtu.

Halafu likaja lililo gumu zaidi. Siku chache kabla ya Pasaka ya 1896 alitema damu: kifua kikuu. Muda mfupi baadaye giza likamwingia moyoni. Mbingu, aliyoiona dhahiri tangu utotoni, ikawa kama haipo, na hali hiyo ikadumu hadi kufa kwake, Septemba 30, 1897, akiwa na miaka 24.

Mwaka wa 1925 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu, na mwaka wa 1997 likampa cheo cha Mwalimu wa Kanisa. Lakini katika miezi ile ya giza hakujua lolote kati ya hayo. Alichofanya ni kuiandika Kanuni ya Imani kwa damu yake mwenyewe, na kuivaa kifuani.