Kurudisha au Kutengenezewa: Istilahi za Bidhaa Mpya Yenye Kasoro

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo maneno ya biashara, ambayo zamani yalitosha kueleweka kwa kukisiwa, hayana budi kupewa mipaka. Makala haya yanakusudia kueleza kundi moja dogo la maneno hayo, yaani yale yanayoamua iwapo mnunuzi atarudisha bidhaa mbovu au atatengenezewa.

Tuchukue mfano. Mwalimu mmoja wa Nduta, wilayani Kibondo, anaagiza kamera mpya ya dijitali kutoka duka la Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, nayo inaletwa kwa basi. Anapoijaribu, kila picha inatoka na giza upande mmoja. Je, aipeleke kwa fundi wa Kibondo, au aikatae?

Kwanza yapasa kutenganisha maneno matatu. *Kasoro* ni upungufu uliokuwamo katika kitu tangu kilipouzwa. *Hitilafu* ni kwenda kombo kwa utendaji wake, hata kama sababu haijajulikana. *Uharibifu* ni dhara lililokipata baadaye, kwa mfano kwa kuanguka au kuingia maji. Mwalimu akiandika kwamba kamera "imeharibika", muuzaji aweza kujibu kwamba imeharibikia mikononi mwake. Akiandika kwamba "ina kasoro", amekwisha kusema tangu lini.

Pili ni *sharti* na *hakikisho*. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyotungwa mwaka 1931 kwa kufuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inatofautisha mambo hayo mawili. Sharti ni nguzo ya mapatano; likivunjwa, mnunuzi anayo haki ya kuikataa bidhaa. Hakikisho ni ahadi ya pembeni. Likivunjwa, mnunuzi hudai fidia tu, bali bidhaa hubaki kuwa yake. Bidhaa iliyoagizwa kwa maelezo yake kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo huwa chini ya sharti la kuwa na ubora wa kufaa kuuzwa, hata kama sharti hilo halikutamkwa. Mfasiri anayeyaita yote mawili "dhamana" humnyang'anya mnunuzi haki ya kukataa bila kukusudia.

Tatu ni *kupokea* na *kukubali*. Kupokea kifurushi stendi si kukubali bidhaa, kwa kuwa mnunuzi hupewa nafasi ya kuikagua. Lakini akikaa nayo muda kupita kiasi bila kusema neno, au akiitendea kama mwenye mali, huhesabiwa kuwa ameikubali. Hapo sharti hushuka likawa kama hakikisho, na haki ya kukataa hupotea. Ndiyo sababu kumruhusu fundi aifungue kamera kabla ya kumwarifu muuzaji ni jambo la hatari. Kadhalika, *kukataa* si lazima kuwe *kurudisha*: sheria hiyo haimlazimishi mnunuzi kuisafirisha bidhaa aliyoikataa kwa haki, ila kuna mapatano ya namna nyingine. Yatosha amwarifu muuzaji kwamba ameikataa. Kwa mtu wa Nduta, tofauti hiyo ni nauli.

Nne ni *waranti*. Neno hili limetumika kwa hati ya serikali ya kusafiria na kwa hati ya kukamata mtu; madukani ni karatasi ya mtengenezaji inayoahidi matengenezo kwa muda maalumu. Waliozoea Kifaransa, kama vile watu wengi waliotoka Burundi, husema "garanti". *Dhamana* nayo imekwisha kuelemewa na mahabusu, mikopo na mawaziri. Pendekezo letu ni kwamba *waranti* libaki kwa karatasi ya mtengenezaji, *hakikisho* litumike kwa ahadi ya pembeni ya mapatano, na *dhamana* liachwe kwenye kazi zake za siku zote. Ifahamike pia kwamba ahadi ya mtengenezaji haifuti wajibu wa muuzaji.

Mwisho ni maandishi yanayoonekana aghalabu katika stakabadhi: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Sheria ya mwaka 1931 inaziruhusu pande mbili kuyaondoa masharti yasiyotamkwa kwa mapatano, lakini maneno ambayo mnunuzi anayaona kwa mara ya kwanza baada ya kulipa hayakuwa sehemu ya mapatano yake.

Basi mwalimu wa mfano wetu, kabla ya kumwona fundi, na aandike mara moja: "Kamera niliyoipokea tarehe fulani ina kasoro. Naikataa, na naomba kurudishiwa fedha." Akiridhika na matengenezo, aandike "natengenezewa kwa gharama ya muuzaji", wala si "natengeneza". Viambishi hivyo vichache ndivyo vinavyoonyesha ni nani atakayelipa.